Vifuniko Vilivyokosa Mwenyewe

Nasikia juzi friji ya maziwa ilizimika, na badala ya kuokoa maziwa mkakaa kikao cha kumtafuta aliyechomoa waya ili achaji simu. Mjukuu wangu Halima, mwenzenu hapo kwenye kazi ya maziwa, ndiye aliyeniletea habari. Anasema kikao kilikuwa kizuri, kila mtu alizungumza, na mlipokumbuka kurudisha waya maziwa yalikuwa yameshageuka. Sikucheka. Nilimwomba kalamu.

Mimi ni Habiba Guyo. Mkiwa mbele yangu mnaniita Akko Habiba, yaani bibi, nikigeuka mnaniita Akko Pua, mkidhani mwenye pua hana masikio. Shule nilisoma ya ngumbaru tu, na mwalimu Boru alikuwa akisinzia kabla yetu. Kwa hivyo mkikuta herufi imekaa vibaya, ipisheni. Majina lakini sijakosea hata moja. Watu wote niliofanya nao kazi nawakumbuka kwa majina, na ngamia pia, na kuna ngamia ninaowakumbuka kwa wema kuliko watu.

Wakati wetu hakukuwa na mikebe ya chuma wala friji. Maziwa ya ngamia yalitoka Gotu na huko mbele kwa pikapu ya Galgalo, kwenye mitungi ya plastiki ya manjano iliyowahi kubeba mafuta ya kupikia. Yakifika hapa Isiolo mjini tunayapima, tunayachanganya kwenye pipa, tunayagawa tena kwenye mitungi yetu safi, na mitungi inapanda basi kwenda Nairobi. Hapo kwa kuchanganya simameni kidogo. Maziwa ya Qabale na ya Lokho na ya Sadia yakishaingia pipa moja hayana jina tena. Yakiharibika, yameharibika yote. Hakuna mtu anayeweza kuingiza mkono akatoa ya Lokho peke yake akasema haya ndiyo mabaya.

Kazi tuligawana. Mimi nilikaa mlangoni nikinusa na kuonja. Nakiru, mama Mturkana mwembamba aliyevaa sweta hata jua likichemsha mawe, aliosha mitungi. Tume aliifukiza. Rukia, binti wa Garbatulla, alifunga na kupakia. Hajia Dahabo alikuwa mwenyekiti, na kazi ya mwenyekiti ilikuwa kushika simu.

Kufukiza wengine wenu hamjui, kwa sababu chuma hakifukizwi. Unachukua kijinga cha mti wa ejersa, ule mzeituni wa porini, unakitumbukiza ndani ya mtungi, unauzungusha moshi ukaushike kila pembe, unakitoa kabla plastiki haijalainika. Mtungi uliofukizwa vizuri unapeleka maziwa hadi Nairobi yakiwa na adabu zao. Tume alikuwa na mkono mwepesi. Alitoboa mtungi mmoja tu maisha yake yote, na akasema mtungi wenyewe ulikuwa na nia mbaya.

Kunusa nilifundishwa na Mama Gumato, Mungu amrehemu. Aliniambia, "Usile kitunguu. Usijipake manukato. Nusa ukiwa umefungua mdomo kidogo, pua peke yake ni mwoga." Hayo niliyashika. Kuna lingine sikulishika. Mama Gumato akikataa maziwa ya mtu, hakusema ni mabaya. Alimvutia mtu kigoda akamuuliza, "Hebu niambie, jana ilikuwa siku ya namna gani?" Mwenye maziwa anaanza kueleza: ngamia alikunywa maji wapi, ndama alinyonya saa ngapi, mtungi aliazima kwa shemeji kwa sababu wake ulipasuka. Akifika kwa shemeji ananyamaza mwenyewe. Niliona mama wa watu anapoteza wakati. Mimi nilipokalia mlango nilisema tu, "Hapana. Anayefuata." Foleni yangu ilikwenda haraka sana, na maadui nilipata haraka vilevile.

Sasa asubuhi moja simu ya Hajia ikalia. Alikuwa Dekha, mnunuzi wetu wa Nairobi. Dekha hakuhitaji simu, angefungua dirisha tu tungemsikia.

"Dahabo, abaayo, dada yangu, mmenitumia nini?"

"Maziwa."

"Maziwa nayajua! Nimefungua mtungi wa kwanza, nimefungua wa pili, yote chungu, yote yamekatika. Hata susa hayawezi kuwa. Nimempa paka amenusa akahamia kwa jirani!"

Susa ni yale maziwa yetu ya kuganda, ambayo hata yakichacha yana mnunuzi. Maziwa yasiyofaa hata susa ni ya kumwaga, na akina mama wa Gotu waliokamua alfajiri wanarudi nyumbani mikono mitupu. Hajia alizima simu, akatuita sote uani, akakaa kwenye mtungi uliopinduliwa.

"Hii maziwa haikujiharibu," alisema. "Iko na mwenye kuiharibu. Na leo hatutoki hapa bila yeye."

Hivyo ndivyo Hajia alivyokuwa. Kwake jambo baya ni kama mbuzi aliyepotea, lazima lina mwenyewe na alama ya mwenyewe kwenye sikio. Tume alikuwa na lake.

"Ni jicho," alisema. "Juzi yule wa duka la ngano amesimama hapo mlangoni akasema, 'Nyinyi maziwa yenu ni mengi.' Bila mashallah. Hivyo tu, kavu."

"Tume, jicho halifiki Nairobi kwa basi," Hajia alisema.

"Kwani jicho linakata tikiti?"

Na mimi nilikuwa na langu. Nilisema, "Nilinusa kila mtungi. Yalikuwa mazuri. Si mimi." Hilo ndilo nililosema kila mara, na nilikuwa nalisema kabla swali halijaisha. Nilikuwa nimejifunzia nyumbani. Mume wangu Adan alikuwa na lori, wa wale wajukuu wa askari wa zamani ambao barabara zote za huku wanazijua kwa matuta. Adan tairi likipasuka njia ya Garbatulla, alilaumu barabara, kisha tairi, kisha taniboi, na akifika nyumbani alinilaumu mimi kwamba nilimwita arudi achukue chupa ya chai na safari ikirudiwa mlangoni ina mkosi. Mtu ukiishi na lawama inayotembea namna hiyo, unajifunza kuikwepa kabla haijapiga kona.

Basi kila mtu alipomaliza, Nakiru akainua mkono kama mtoto wa shule. Mkono wenyewe ulikuwa bado na povu la sabuni.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe umefanya nini?" Hajia aliuliza.

"Sijui, mama. Lakini ni mimi. Mnisamehe."

Mngesikia jinsi ule uwanja ulivyopumua! Tume aliacha kumtazama wa duka la ngano. Rukia hakuwepo siku hiyo, alikuwa ameshaolewa na kurudi kwao Garbatulla, na kazi ya kufunga tulikuwa tunafanya kwa zamu. Hajia akamwonya Nakiru aoshe vizuri zaidi, maji yawe moto zaidi, na kikao kikafungwa kwa dua. Kilikuwa kikao kifupi kuliko vyote tulivyowahi kukaa. Tulikisifu.

Baada ya muda mfupi Dekha akapiga tena, paka wake alikuwa bado hajarudi. Hajia akauliza nani. Nakiru akasema, "Ni mimi." Mara ya tatu Hajia hakuuliza hata. Alimtazama tu, Nakiru akaitikia kwa kichwa, Hajia akamwambia achukue kitu chake aende.

Nakiru alivua gambuti za kazi, akazipanga ukutani zikitazama upande mmoja, akatuaga kila mtu kwa jina.

Ninyi mtasema ni kazi tu ya kuosha, angepata nyingine. Alikuwa na watoto wanne na mama mkwe asiyeona, na anayeleta unga alikuwa yeye. Isiolo ni mji mpana ukitafuta mtu, ni mji mdogo ukiwa na jina baya. Alikwenda kuomba kuosha vyombo hotelini kwa Mama Kanana. Mama Kanana akamuuliza, "Si ni wewe ule wa maziwa?" Na Nakiru, kwa kuwa alikuwa Nakiru, akasema, "Ni mimi." Alikwenda hoteli nyingine akakuta jina limeshatangulia na limeshakunywa chai. Mwishowe akabeba watoto na mama mkwe akaenda kwa dada yake, upande wa Gotu, kusuka mikeka.

Hajia Dahabo alikuwa na kiburi, lakini uvivu hakuwa nao. Alisema kazi ya kuosha hatampa mtu tena, ataosha mwenyewe, ili dunia ione mtungi ulioshwa unafananaje. Alikunja buibui, akachemsha maji hadi mvuke ukatufukuza, akaosha kila mtungi kwa mikono yake iliyokuwa na hina ya harusi ya mpwa wake. Hina ilitoka. Mitungi iling'aa mpaka Tume akaogopa kuitia moshi.

Siku iliyofuata simu ikalia. Hajia aliitazama ikilia. Akanipa mimi.

"Leo ni nani?" Dekha aliuliza. Hata salamu hakuna.

Nikafunika simu kwa kiganja. "Anauliza leo ni nani."

Hajia alikaa kwenye mtungi uliopinduliwa. Akaangalia mikono yake. Wakati huo ndipo nilipomkumbuka Mama Gumato na kigoda chake. Sisi mara zote tulikuwa tumeuliza nani, na kila mara tumejibiwa, tena kwa heshima, na maziwa yalikuwa bado yanaharibika.

"Hajia," nikasema, "twende kwa Nakiru."

"Nikamwambie nini?"

"Usimwambie. Tukamuulize jana yake ilikuwa siku ya namna gani."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa akaombe ushauri kwa sufuria. Lakini pikapu ya Galgalo ilikuwa inarudi Gotu na mitungi mitupu, tukapanda. Njia nzima mitungi ilitugonga magoti, na Hajia alizungumza mara moja tu.

"Yeye mwenyewe alisema ni yeye. Mtu akikuambia amekula, utamlazimisha aseme hajala? Mimi nimemkosea wapi?"

Hata leo naona swali lile lilikuwa na haki yake. Galgalo, aliyekuwa akisikiliza dirishani, akasema yeye hana jibu, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Tulimkuta Nakiru kivulini mwa nyumba ya dada yake, mkeka mapajani, sweta mwilini. Alisimama. "Ejoka," alisema, kisha kwa heshima ya Hajia akaongeza salaam aleikum. Akatutandikia ule mkeka ambao haujaisha. Kabla hatujakaa vizuri akauliza, "Yameharibika tena?"

"Jana," nikasema.

"Mnisamehe. Ni mimi."

"Nakiru! Jana wewe ulikuwa huku!"

Alifikiri. "Hata hivyo," alisema.

Hajia alifunika uso kwa mtandio. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, lakini kicheko cha mtu aliyeumwa na jino.

"Wewe mwanamke," akasema, "kwa nini unajibeba makosa kama kuni? Nani alikufundisha?"

Nakiru alisema bila haraka, huku akiendelea kusuka. "Mama, mimi nimekua nikifanya kazi kwa nyumba ya watu. Kikombe kikivunjika, tunaitwa wote wafanyakazi. Anayekataa anapigiwa makelele tangu asubuhi mpaka jioni, na ananyimwa chai. Anayekubali anapigiwa kidogo, kisha anapewa ufagio azoe. Mimi nilichagua ufagio."

"Hata kama hukuvunja?"

"Vile vikombe vilivyovunjika, mama, havikuuliza."

Nikavuta kigoda, kama Mama Gumato, nikamwambia, "Basi achana na nani. Nionyeshe tu unavyoosha. Tangu mwanzo."

Mitungi ilikuwepo kwenye pikapu. Nakiru akaweka mkeka chini. Akachukua mtungi mmoja, akafungua kifuniko, akakiweka pembeni. Akamimina maji ya moto ya dada yake, sabuni, changarawe kidogo ya kusugulia ndani, akatikisa hadi mishipa ya shingo ikamsimama, akasuuza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akauinamisha ukauke. Kazi safi. Hajia mwenyewe alitikisa kichwa kwa kukubali. Kifuniko kilikuwa bado kipo pembeni.

"Na hicho?" nikauliza.

"Hicho ni cha Tume. Nilipoanza kazi niliambiwa, wewe ni mtungi."

Hajia na mimi tukatazamana. Tume tulikuwa tumemsikia mara nyingi akisema kifuniko hakitiwi moshi kwa sababu kinayeyuka, kwa hivyo kifuniko ni cha mwoshaji. Na mimi mlangoni nilikuwa nikifungua mtungi, nakitupa kifuniko kwenye ndoo ya maji baridi pamoja na wenzake, nanusa mdomo wa mtungi, naendelea. Vifuniko vilikaa kwenye ndoo ile. Mwenye zamu ya kufunga alivikung'uta maji akavifunga.

Nilikiokota. Kwa nje kilikuwa safi. Ndani yake, pale kwenye mikunjo ya kuzungushia, kulikuwa na ukoko wa rangi ya jibini iliyosahaulika. Nilifungua mdomo kidogo, nikanusa. Sitawaelezea harufu yake, wengine wenu mnasoma haya mkila. Nikampa Hajia. Alinusa akakirudisha haraka, akajifuta mkono kwenye buibui lake zuri.

"Lakini zamani hayakuharibika," alisema. "Miaka yote vifuniko ni hivi hivi."

Ndipo tukampigia Rukia simu Garbatulla. Mtoto alikuwa analia huko nyuma, na Rukia alipiga kelele juu ya mtoto.

"Vifuniko? Mimi nilikuwa navisugua na jivu kila siku nikingoja basi. Na mswaki wa mti. Kwani nyinyi hamsugui?"

"Nani alikuambia usugue?" Hajia aliuliza.

"Hakuna. Vilikuwa vinanuka."

Hivyo basi. Vifuniko vilikuwa na mwenyewe miaka yote, na hatukumjua mpaka alipoolewa. Alipoondoka tulimpa zawadi ya vyombo, tukacheza, tukamwimbia. Hakuna aliyemuuliza mikono yake ilikuwa ikifanya nini akingoja basi.

Nilidhani mambo yameisha. Nilimwambia Nakiru, "Kusanya watoto, pikapu inageuka."

Nakiru hakusimama.

"Hapana, mama," alisema. Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, na nadhani hata yeye alishtuka kidogo, kwa sababu aliangalia mkeka. "Mkinirudisha hivi, nitaosha, ndiyo. Lakini kule sokoni mimi ni ule wa maziwa. Watoto wangu wakienda dukani ni watoto wa ule wa maziwa. Hajia alinitoa mbele ya watu. Anirudishe mbele ya watu. Pale pale."

"Niseme nimekosa, na wewe ndiye uliyekubali uongo?" Hajia aliuliza.

"Mimi nitasema langu. Wewe sema lako."

Walitazamana. Mmoja hakuwahi kuomba msamaha tangu azaliwe, mwingine hakuwahi kuacha. Galgalo akapiga honi, kwa sababu Galgalo hakuwa na adabu ya wakati. Hajia akasimama, akakung'uta vumbi, akapanda pikapu. Nakiru akabaki na mkeka wake. Njiani nilisema moyoni kwamba yameisha vibaya, na kwamba si mimi.

Kesho yake nilipofika kazini nilisikia harufu kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa buna, kahawa ile nzima nzima inayokaangwa kwenye samli. Kwetu Waborana buna hiyo haipikwi kwa njaa. Inapikwa penye dua, penye ndoa, na penye watu waliokosana wanaotaka kukaa tena. Hajia alikuwa ameinamia jiko mwenyewe, na wanawake wote wa maziwa walikuwa wameitwa, na wa duka la ngano, na Mama Kanana wa hoteli na aproni yake. Nakiru alikuwa amekaa kwenye ule mtungi uliopinduliwa. Galgalo alikuwa ametumwa alfajiri.

Hajia alisimama na bakuli la mti mkononi.

"Nakiru hakuharibu maziwa," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kutoa amri. "Vifuniko ndivyo viliharibu, na vifuniko vilikuwa vyetu sote. Yeye alikubali kosa ambalo si lake, na mimi nikalipokea haraka kwa sababu lilinifaa. Lilinirudisha kazini mapema. Nilimtoa hapa na macho yenu yakiona. Sasa macho yenu yaone. Mama Kanana, umesikia?"

"Nimesikia, Hajia."

"Ukisikia mtu akisema ule wa maziwa, utamwambia nini?"

"Nitamwambia aje akuulize wewe."

"Hakuna atakayekuja," alisema Hajia, na ilikuwa kweli.

Nakiru akasema lake. Alisema alidhani akikubali anatusaidia, kelele ziishe, watu warudi kazini. Hakujua kuwa akijibeba yeye, kile kilichoharibu kinabaki kimekaa kwenye ndoo kinatungoja. Hakulia. Alipewa buna ya kwanza. Waturkana hawakuizoea, na aliitafuna kama mtu anayetafuna vifungo vya shati, lakini alimeza.

Kisha Tume akasema mbele ya wote kwamba kweli vifuniko alivikwepa, ila jicho pia lilichangia. Wa duka la ngano akasema mashallah, mashallah, akarudia mpaka Tume akaridhika. Wote wakanigeukia mimi.

"Mimi nilinusa kila mtungi," nikasema.

"Mama Habiba," alisema Nakiru kwa upole, "ulinusa mdomo. Kifuniko ulikitupa."

"Hakuna aliyeniambia ninuse kifuniko."

Walicheka mpaka samli ikamwagika. Sikuona kilichochekesha, na hata leo sioni. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu, kila kifuniko kilichopita mlangoni kwangu nilikinusa kabla ya mtungi, na vifuniko akapewa Nakiru, jivu na mswaki juu. Mambo mengine yaacheni yalivyo.

Niliwaambia kuhusu kigoda cha Mama Gumato si kwa sababu ya upole. Upole ni wenu na Mungu wenu. Nawaambia kwa sababu ya maziwa. Pale kwenu mna Mmeru, mna Msomali, mna Mborana na Mturkana na Halima wangu ambaye ni wa TikTok. Mmoja akiona kosa anamtafuta mtu, mmoja anatafuta jicho, mmoja anasema ni Mungu, mmoja anasema si mimi, na mmoja ataomba msamaha hata kwa mvua. Hamtabadilishana vichwa. Mnaweza tu kukaa kwa vigoda, kila mtu aonyeshe mikono yake inafanya nini tangu asubuhi, mpaka mfike pale ambapo hakuna mkono wa mtu uliogusa. Na waya mrudishe kwanza.

Sasa nimalizie Nakiru, kwa sababu Halima ananiambia ukurasa unaisha.

Mvua ilikuwa imenyesha, ngamia wamejaa, maziwa yanakuja mpaka pipa linashindwa. Asubuhi moja tulikuta mtungi uliojaa umepasuka kando, maziwa yametiririka hadi mlangoni, kuku wa jirani wanashukuru. Hajia alisimama juu yake.

"Nani..." alianza, kisha akajishika, akameza mate. "Imekuwaje?"

Tume akaanza kutazama upande wa duka la ngano. Mimi nikafungua mdomo niseme lile langu, lakini nilitanguliwa.

"Si mimi," alisema Nakiru.

Sote tuligeuka. Alikuwa amesimama wima, mikono na povu, sweta limefungwa hadi kooni. Tume akapiga makofi. Hajia akasema, "Allahu akbar," kwa sauti ndogo, akamshika bega. Mimi nilimkumbatia, na mimi si mtu wa kukumbatia. Tulifurahi mpaka tukasahau mtungi, na kuku wakamaliza kazi yao.

Nakiru akarudi kwenye beseni lake. Akaosha mtungi mmoja, akaosha wa pili. Kisha akaja akijipangusa mikono kwenye sweta, akasimama mbele ya Hajia.

"Hajia. Ni mimi. Niliuvuta ukaanguka kwa jiwe."

"Sasa mbona ulikataa?"

"Nilitaka kwanza kusikia hiyo 'si mimi' vile inakaa kwa mdomo wangu."

Hajia akauliza, "Na inakaaje?"

Nakiru alifikiri vizuri, kama anayeonja maziwa.

"Ni tamu," alisema. "Lakini haifiki Nairobi."